Nazi kwa Pakacha: Mazungumzo juu ya Kuujaza Ukurasa wa Wavuti

Wasikilizaji wapenzi, mazungumzo ya leo yataka utulivu kidogo, si kwa kuwa ni magumu, la hasha, bali kwa kuwa ni ya jambo tunalolitumia kutwa kucha bila ya kulitazama.

Jambo lenyewe ni hili. Unapofungua ukurasa wa wavuti katika simu yako, ukaiona orodha ndefu ya majina, au ya bei, au ya habari, ikijitandaza safu baada ya safu, je, umepata kujiuliza ni nani aliyezipanga safu hizo, na kwa njia gani? Na pale ukurasa unapokwama, ukaugusa usiitike, ukauvuta usivutike, simu ikapata moto mkononi kana kwamba ilianikwa juani, je, umepata kujiuliza kosa ni la nani? Wengi wetu huilaumu simu. Wengine huulaumu mtandao. Mimi leo nataka kuwaonyesha kwamba mara nyingi simu haina taksiri wala mtandao hauna hatia, bali kosa limo katika tartibu aliyoifuata yule aliyeuandika ukurasa, na kwamba kosa hilo laondoka kwa maarifa machache na huruma kwa msomaji.

Nianze na kisa cha nyumbani. Mpwa wangu, binti ya dada yangu aliyeko Mombasa, anajifunza kazi ya kutunga programu, na jioni moja alinijia uso umemsawijika. Akaniamkia, "Shikamoo, mjomba." Nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu; mbona hivyo?" Akanieleza kwamba yeye na wenziwe wametengeneza ukurasa wa kuwasaidia watu kuijua wadi yao ya uchaguzi. Kenya, kama mjuavyo, ina wadi 1,450, nao walikuwa wameziorodhesha zote mahali pamoja, kila wadi na jina lake, jimbo lake na kaunti yake, ili mtu avute kwa kidole mpaka aikute ya kwake. Katika kompyuta yake ukurasa ulisita kidogo tu, kisha ukafunguka. Lakini alipompelekea bibi yake, ambaye simu yake ni ndogo na ya bei nafuu, ukurasa ulikaa mweupe kitambo, kisha orodha ikachomoza nusu, kisha kila kitu kikaganda. Bibi akaigusa simu huku na huku, akamrejeshea akisema, "Mjukuu wangu, chombo chako hiki kimelala."

"Sasa mjomba," akaniuliza yule binti, "majina elfu moja na mia nne na hamsini ni mengi kiasi hicho?"

Ni swali zuri, wasikilizaji. Je, ni mengi? Simu iliyo dhaifu kuliko zote zinazouzwa leo hupiga hesabu kwa mamilioni ndani ya sekunde moja, na majina yote ya wadi za Kenya, ukiyaandika kwa herufi ndogo, yatakaa katika kijitabu chembamba cha mfukoni. La, si mengi. Tukaona basi kwamba tusitazame idadi ya majina, bali tutazame safari yake, yaani yanafikaje ukurasani.

Hapa sharti nirudi nyuma kidogo, kwa ajili ya wasikilizaji ambao kazi hii si yao. Ukurasa wa wavuti, kwa asili yake, ulikuwa maandishi yaliyotulia kama ya kitabu. Mwezi wa Mei mwaka 1995, bwana mmoja aitwaye Brendan Eich, aliyekuwa katika kampuni ya Netscape huko California, Marekani, aliunda kwa muda wa siku 10 lugha ya kuuamrisha ukurasa ufanye mambo hata baada ya kuwa umekwisha kufunguka. Na lugha hiyo, baada ya kubadilishwa jina mara mbili, ndiyo iitwayo hadi leo JavaScript. Tangu hapo ukurasa waweza kuongezwa, kupunguzwa na kugeuzwa mbele ya macho ya msomaji. Kisha mwaka 1998, tarehe 1 Oktoba, chama cha W3C, kinachosimamia kanuni za wavuti duniani, kilitoa kanuni rasmi ya kuutazama ukurasa kana kwamba ni mti, wenye shina moja, na matawi, na vitawi juu ya matawi, hata kila aya, kila picha na kila safu ya orodha ikawa ni tawi lenye mahali pake panapojulikana. Wenye kazi yao huuita mti huo DOM. Kuongeza kitu katika ukurasa, basi, ni kuotesha tawi jipya katika mti huo.

Kuotesha tawi lenyewe ni kazi nyepesi mno. Uzito huja baadaye. Nani kati yenu aliwahi kuingia katika matbaa ya zamani, zile za herufi za risasi? Mpiga chapa alikuwa akiziokota herufi moja moja, akizipanga mstari kwa mstari, mpaka ukurasa ukajaa, ndipo akaufunga kwa kuukaza pande zote. Na lau mtu angemjia wakati huo akataka mstari mmoja uongezwe katikati, ingemlazimu aulegeze ukurasa mzima, aisukume mistari ya chini, atazame kama imezidi, kisha aukaze upya. Kivinjari kilichomo katika simu yako ndicho mpiga chapa huyo. Mti unapobadilika, hakina budi kufanya hesabu: safu hii ina upana gani, kimo chake ni kipi, zilizo chini yake ziteremke kiasi gani. Kikisha kupima, ndipo kipake rangi. Na kikisha kupaka, ndipo wewe uone. Kupima na kupaka, wasikilizaji, ndiko kwenye gharama. Nalirudia neno hili kwa kuwa mazungumzo yote ya leo yamesimama juu yake: gharama haimo sana katika kuongeza, imo katika kupima na kupaka.

Fauka ya hayo, kazi zote hizi, yaani kuzifuata amri za JavaScript, kuupima ukurasa na kukiitikia kidole cha msomaji, hutendwa na mkono mmoja. Maadamu mkono huo umeshughulika na orodha, kidole chako hakina wa kukiitikia, hata ukigusa mara kumi. Na muda wenyewe ni mfupi. Skrini za simu nyingi hubadilisha picha mara 60 katika kila sekunde, maana yake kila picha imepewa milisekunde 16 na ushei. Kazi ikivuka hapo, jicho huona mshtuko, na ikivuka sana, mtu husema kama alivyosema bibi, kwamba chombo kimelala.

Sasa turudi kwa mpwa wangu. Nikamwambia, "Hebu nisomee ulivyoandika." Akanisomea, na mara nikaliona kosa la kwanza, kosa ambalo naamini karibu kila aliyeingia katika kazi hii amelifanya. Alikuwa ametumia njia iitwayo innerHTML, ambayo hukipa kivinjari maandishi, nacho kivinjari huyageuza kuwa matawi. Njia hiyo ilitoka kwa kampuni ya Microsoft, katika kivinjari chao cha Internet Explorer, na baada ya miaka ikaingizwa katika kanuni za wote. Ukiitumia mara moja, haina ubaya. Ni ya haraka, tena ni rahisi. Lakini yeye aliifunga ndani ya kitanzi, yaani amri ya kurudiarudia, akakiagiza kivinjari: chukua yote yaliyomo katika orodha, yaongezee wadi moja, uyarejeshe, kisha chukua tena, ongeza tena, rejesha tena, mpaka wadi zote 1,450 ziishe.

Je, mwaona kilichokuwa kikitendeka? Mfikirieni mtu mwenye nazi zake shambani na meza yake sokoni. Anaibeba nazi ya kwanza, anaiweka mezani. Anapoileta ya pili, haiweki kando ya ile ya kwanza. Bali huichukua ile ya kwanza akaivunja, akarudi shambani kutafuta nyingine iliyo sawa nayo, akaja na zote mbili. Kwa ya tatu, huzivunja zote mbili, akaja na tatu. Na hivyo hivyo. Tulikaa mimi na yule binti tukapiga hesabu kwa kalamu na karatasi: moja, na mbili, na tatu, na nne, mpaka 1,450, ukizijumlisha zote ni nazi 1,051,975. Milioni moja na zaidi, wasikilizaji, ili kupeleka sokoni nazi elfu moja na ushei! Simu ya bibi haikuwa imelala. Ilikuwa ikifanya kazi ya punda, kwa bidii kubwa, na hakuna aliyeishukuru.

Na dhara halikuishia hapo. Maadamu matawi ya zamani yalivunjwa na mapya kuoteshwa mahali pake, kila kilichokuwa kimefungwa juu ya tawi la zamani, mathalan agizo kwamba msomaji akiigusa safu hii aonyeshwe mipaka ya wadi, kilipotea pamoja na tawi lake, bila ya onyo lolote. Binti alikuwa amekesha siku mbili akitafuta kwa nini safu ya mwisho peke yake ndiyo huitika ikiguswa. Sababu ilikuwa hiyo.

Akaliondoa kosa hilo siku ile ile. Zipo njia mbili za kuliondoa, nazo zote ni halali. Waweza kuyakusanya maandishi yote pembeni, wadi zote 1,450, kisha ukakikabidhi kivinjari kwa mara moja. Au waweza kuunda kila tawi kwa amri ya createElement na kuliambatisha bila ya kuyagusa yaliyotangulia. Mimi nilimwelekeza kwenye hii ya pili, na sababu yangu ilikuwa ya usalama zaidi kuliko ya kasi. Anayejaza ukurasa kwa innerHTML hukifanya kivinjari kiyaamini maandishi yote yanayopitishwa humo. Majina ya wadi hayana neno, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyeyaandika. Lakini siku ukurasa utakapopokea maneno ya watu, kama vile jina ambalo mgeni amelijaza, mtu mwenye nia mbaya aweza kupenyeza amri ndani ya jina, nayo amri hiyo itatekelezwa katika simu za watu wengine wasiojua lolote. Maandishi ya mgeni na yawekwe kwa njia ya textContent, ambayo huyachukulia kuwa maandishi tu, wala haiyapi nafasi ya kuamrisha. Hili silo somo letu la leo, lakini nisingelala vyema kama ningelipita kimya.

Basi, tukaujaribu ukurasa mpya. Ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza, hapana shaka, walakini bado ulikuwa ukisita pasipo kiasi. Binti akavunjika moyo. Akaniambia, "Mjomba, mwalimu wetu alitufundisha kwamba dawa ya jambo hili ni DocumentFragment, labda niitumie hiyo." Nikamwambia tutaifikia, lakini tusimpe mgonjwa dawa kabla ya kumpima.

Dawa aliyoitaja niieleze, kwa kuwa vijana wengi wanaonisikiliza wamekwisha kuisikia. DocumentFragment ni pakacha. Ndilo jina ninalolipenda mimi, na sijapata jina jingine linaloikalia vizuri zaidi. Mtu mwenye nazi zake hazibebi moja moja. Husuka pakacha la makuti, akalijaza shambani, kwenye kivuli, pasipo na mnunuzi wala kelele, kisha akalipeleka sokoni kwa safari moja. Na akifika, anazoziweka mezani ni nazi, si pakacha. Pakacha hubaki tupu mkononi mwake. Ndivyo ilivyo hasa: unaunda pakacha lisiloonekana ukurasani, unayatia humo matawi yako yote, kisha unaliambatisha mara moja, nayo matawi huhamia kwenye mti yote pamoja, na pakacha likabaki tupu, bila ya kuacha alama yoyote katika ukurasa. Pakacha hili limo katika zile kanuni za mwaka 1998, maana yake umri wake umepita robo karne, na bado lafaa.

Lakini, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, nimewasikia walimu wengi wakiwaambia vijana kwamba kila unapoambatisha tawi moja moja, kivinjari huupima ukurasa wote papo hapo, na kwamba pakacha ndilo liokoalo. Hiyo ni kweli nusu, na kweli nusu humchelewesha mwanafunzi kuliko ujinga. Vivinjari vya leo vina busara yao. Ukikiletea kivinjari matawi mia mfululizo bila ya kukiuliza neno, hakipimi kila tawi. Huyapokea, hukumbuka kwamba kuna kazi ya kupima, kisha husubiri mpaka amri zako zimalizike ndipo kikapima mara moja na kupaka mara moja. Kwa hivyo kuambatisha moja moja, peke yake, si maafa.

Maafa ni kukiuliza. Hilo ndilo tulilolikuta tulipouchungua ukurasa wa yule binti. Ndani ya kitanzi chake, baada ya kuambatisha kila wadi, alikuwa amekiuliza kivinjari kwa amri ya offsetHeight, "Orodha sasa ina kimo gani?" ili kwa kimo hicho aurefushe mstari mdogo wa rangi ulio ubavuni mwa ukurasa. Ni swali dogo, na kwa mtazamo lina adabu zote. Lakini tazameni linavyomfanya mpiga chapa wetu. Alikuwa amejipangia kupima mara moja mwishoni. Sasa ameulizwa kimo, na hana ruhusa ya kujibu uongo, na hawezi kujibu kweli ilhali kuna safu mpya ambayo hajaipima. Hivyo hana budi kuyaacha yote na kupima. Akajibu. Mara ikaja safu nyingine, vipimo vyake vikabatilika, akaulizwa tena, akapima tena. Mara 1,450. Hakuna fundi duniani, awe wa risasi au wa umeme, atakayeifanya kazi yake kwa wakati ikiwa kila baada ya mstari mmoja anapigwa begani na kuulizwa amefika wapi.

Tukaliondoa swali lile kutoka ndani ya kitanzi, tukaliweka nje, baada ya safu zote kuwekwa, likaulizwa mara moja. Na ukurasa, wasikilizaji, ukafunguka.

Kisha ndipo tukalitia pakacha, ili tuone. Je, liliongeza kasi? Kwa jicho letu hatukuiona tafauti. Hata hivyo nilimwambia aliache lilivyo, nami nitawaambieni kwa nini. Pakacha humzoeza mtungaji kutenganisha matayarisho na maonyesho. Huyafanya yote akiwa shambani, asikodoe macho sokoni kila dakika, na mtu aliye shambani hana njia ya kukiuliza kivinjari kimo cha kitu ambacho bado hakijawekwa. Huu ndio wema wake mkubwa, nao ni wa tabia kuliko wa kasi.

Narudia, kwa ajili ya waliofungua redio sasa hivi: usivunje yaliyokwisha jengwa ili kuongeza moja; tayarisha pembeni, uweke kwa mkupuo; na unapokuwa ukiweka, usikiulize kivinjari vipimo. Ukiwa na maswali, yaulize yote kabla ya kuanza, au yote baada ya kumaliza.

Tukampelekea bibi simu yake. Ukurasa ulifunguka, naye akafurahi. Lakini alipoanza kuvuta orodha kwa kidole, bado palikuwa na uzito fulani, na zaidi ya hayo, akachoka. Alivuta, akavuta, akauliza, "Sasa Lamu iko wapi humu?" Na hapo, nakiri mbele yenu, ndipo mimi mwenyewe nilipofunzwa na mzee yule jambo nililokuwa nimelisahau kwa kushughulika na mapakacha. Skrini yake ilionyesha safu kumi hivi kwa wakati mmoja. Safu 1,440 zilizosalia zilikuwa zimeundwa, zimepimwa, zimewekwa katika kumbukumbu ya simu, na hakuna aliyezitazama wala atakayezitazama. Sisi tulikuwa tukishindana kuzipeleka nazi sokoni kwa haraka, wala hatukuuliza mnunuzi anataka ngapi.

Kenya ina kaunti 47. Orodha ya kaunti 47 ni fupi, hata simu dhaifu huionyesha kwa kufumba na kufumbua. Msomaji akichagua Lamu, ana wadi 10 tu za kuonyeshwa. Akichagua Mombasa, ni 30. Na Nairobi, iliyo na wadi nyingi kuliko kaunti zote, ni 85. Hakuna msomaji hata mmoja aliyehitaji kuoteshewa matawi 1,450. Binti akaupanga ukurasa upya kwa tartibu hiyo: kwanza kaunti, kisha wadi zake, na wadi zenyewe hazioteshwi mpaka ziitwe. Kazi ilimchukua jioni moja. Bibi aliikuta wadi yake kwa kugusa mara mbili, akatuuliza kwa nini hatukufanya hivyo tangu mwanzo. Hatukuwa na jibu.

Yamkini yuko msikilizaji anayesema, "Hayo ni sawa kwa orodha inayogawika, lakini yangu haigawiki, ni habari zinazoteremka bila ya mwisho, au ni maelfu ya bidhaa." Kwake yeye iko hila ya kuziunda zile safu zinazoonekana tu, na chache za juu na za chini yake, kisha kila msomaji anapovuta, safu zilizotoka upande mmoja hutumiwa tena upande wa pili, kama ndoo za sakia, yaani gurudumu la kuteka maji, zinavyoteremka tupu na kupanda na maji, ndoo zile zile. Iko pia amri ya mapambo iitwayo content-visibility, iliyoingia katika kivinjari cha Chrome mwaka 2020, inayokiruhusu kivinjari kiahirishe kupima na kupaka vilivyo mbali na jicho. Na ikiwa hapana budi safu zote ziwekwe, basi ziwekwe mafungu kwa mafungu, hamsini sasa, hamsini katika picha ijayo, kwa amri ya requestAnimationFrame, ili kati ya fungu na fungu mkono ule mmoja upate wasaa wa kukiitikia kidole cha msomaji. Orodha itakamilika kwa kuchelewa kidogo, lakini msomaji hatahisi kwamba amefungiwa mlango.

Kuhusu mlango, nimkumbuke bawabu. Mpwa wangu alikuwa amemweka msikilizaji wa mguso, yaani lile agizo la kuitika safu ikiguswa, juu ya kila safu, jumla wasikilizaji 1,450, kila mmoja akingoja mlangoni pake. Nyumba haiwekwi bawabu katika kila chumba. Mguso wowote unaoangukia tawi husafiri kupitia matawi yaliyolibeba mpaka shinani, na kwa hivyo yatosha kumweka bawabu mmoja juu ya orodha nzima, naye kila mguso unapompitia, huuliza umetoka safu gani. Tena safu ikiongezwa kesho, bawabu yuleyule huihudumia bila ya kuajiriwa mwingine.

Wako wengine watakaoniambia kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa leo kuna zana zilizotengenezwa tayari, kama React, iliyotolewa kwa umma na kampuni ya Facebook mwaka 2013, ambayo huyafananisha matawi ya zamani na mapya kisha hugusa yale tu yaliyobadilika. Ni zana njema, nami nimeitumia. Lakini haiwezi kukukataza kuonyesha safu elfu ambazo hakuna anayezihitaji, wala haiwezi kukuzuia kukiuliza kivinjari vipimo wakati usiofaa. Aliyepanda gari na aende apendako, illa kuendesha sharti ajue.

Na wako wanaosema, tena kwa upole, kwamba tuvute subira, simu zitazidi kuwa na nguvu, na matatizo haya yatakwisha yenyewe. Neno hili hunihuzunisha. Simu zenye nguvu zimo mikononi mwa wenye uwezo. Mwenye simu dhaifu leo atakuwa na simu dhaifu kesho, kwa kadiri ya mfuko wake, na ndiye huyo aghalabu anayehitaji zaidi kuijua wadi yake, au bei ya mahindi, au matokeo ya mtihani wa mwanawe. Hana kompyuta pembeni ya kukimbilia. Ukurasa ukiganda kwake, kwake yeye habari hiyo haipo. Hatutoi ihsani tunapomwandikia ukurasa mwepesi. Tunamlipa haki yake.

Kwa hivyo nina ombi kwenu vijana mnaoishika kazi hii, mlioko Mombasa, Dar es Salaam, Unguja, Nairobi, Kampala na kwingineko. Baadhi ya vivinjari vya kompyuta vina zana ya kuipunguzia mashine nguvu mara 4 au mara 6, ili uone ukurasa wako utakavyokuwa katika chombo dhaifu, itumieni, inafaa. Lakini kabla ya kuutoa ukurasa hadharani, fanyeni na jambo moja zaidi. Nendeni nyumbani, mkaiazime simu iliyo ya bei ndogo kuliko zote katika nyumba ile, iwe ya bibi, ya dada wa jikoni au ya mlinzi wa langoni, mkaufungue ukurasa humo mbele ya mwenyewe, kisha mkamwachia avute kwa kidole chake, nanyi mkae kimya mkimtazama.